Jogoo wa Myanga na Maji ya Kijamvi

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuongoza watembezi mna bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Simu zenu zinawaambia bahari itakupwa saa ngapi na itajaa saa ngapi. Lakini bado haijatengenezwa simu ya kuwaambia wageni wenu watainuka saa ngapi kwenye mkeka, na katika kazi hii hilo ndilo lililonipa mvi.

Mimi ni Nafula. Kwetu ni Bungoma, lakini ajira yangu ilikuwa Kitale, katika duka la Bwana Harjit la vifaa vya ujenzi. Msicheke. Upande wa mbele aliuza misumari, mabati na rangi. Upande wa nyuma, karibu na magunia ya saruji, aliweka meza, viti viwili na ramani ya Kenya, na hapo ndipo safari zilipouzwa. Mtu aliingia kununua bawaba, akatoka na bawaba na safari ya Pwani.

Mwanzoni nilikuwa nikipandisha watu Mlima Elgon. Kisha, miaka ya elfu mbili na kitu, Bwana Harjit akagundua jambo ambalo sisi wenyeji tulikuwa tunalijua tangu kuzaliwa: mtu aliyekulia mlimani, anayepandisha kuni na maji kila siku, humwambii alipe ili apande kilima kwa raha. Walimu na vikundi vya akina mama walikuwa wanataka kuona bahari.

"Sasa tutakodi gari?" nikamuuliza.

"Gari ya nini? Basi liko kila siku. Lina dereva, lina kondakta, lina mafuta. Wewe leta miguu tu." Kisha akaongeza maneno aliyoniambia kila safari hadi nilipostaafu: "Na Nafula, rudi na watu wale wale."

Basi ndivyo tulivyokwenda. Basi la usiku mpaka Mombasa, feri ya Likoni kwa miguu, basi dogo la barabara ya kusini, halafu kushuka na kutembea mpaka ufukweni. Pale maji yakiwa yametoka, mchanga unabaki wazi na unaweza kuvuka kwa miguu hadi kisiwa ninachokiita Kijamvi. Msikitafute kwenye ramani. Hilo jina nimelitunga mimi, kwa sababu wenyewe waliniomba nisiwapelekee umati. Mnakizunguka kwa njia ya juu ya mawe ya matumbawe, mnaona mikoko, kuta za zamani na kisima cha maji matamu, mnakula, na mnarudi kabla bahari haijaichukua njia yake.

Kuhusu basi nitawaambia mambo machache, kwa sababu safari huharibikia humo kabla haijafika baharini. Msiruhusu kikundi kizima kikae pamoja. Kikikaa pamoja, kufika Nakuru kitakuwa kimechagua mwenyekiti, na kufika Nairobi kitakuwa kimempindua. Watawanyeni kati ya abiria wengine. Mtu aliyebeba mayai ya kuchemsha mpeni kiti cha dirishani, na dirisha lenyewe lijaribuni kwanza kama linafunguka. Kondakta mfanyeni rafiki mapema, wakati hamna shida naye. Ukimsalimia kwa mara ya kwanza siku unayotaka akungojee, atakuwa kiziwi.

Halafu mizigo. Kisiwani, mzigo ukae mgongoni. Ukipiga picha, uko mgongoni. Ukinywa chai, uko mgongoni. Kuna kikundi cha Kanduyi ambacho mama mmoja wao alitua mkoba juu ya mwamba ili apigwe picha nzuri. Tulikuwa tumeshafika Likoni, feri inaingia, ndipo akajishika bega. Tukarudi wote. Mkoba ulikuwa na kitana na nusu mkate.

Kuhusu viatu, kikundi changu cha kwanza kilikuja na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Ukiwa Kitale hilo ni wazo zuri, kwa sababu sisi tunaijua gambuti kama rafiki wa matope na maji. Lakini bahari haiulizi gambuti yako imefika wapi. Maji yakishaingia kwa juu hayatoki, na mtu anatembea kama bata aliyebebeshwa ndoo. Chukueni raba nzee, zenye kamba, na zikiwa na matundu ni bora zaidi: maji yaingie na yatoke. Katika kazi nyingine zote mtu huvaa kiatu kizima. Katika kazi hii, kiatu kibovu ndicho kiatu.

Gambuti ilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa la watu wetu lilikuwa la kutazama juu. Sisi tumelelewa na mito. Mto Nzoia ukijaa, mvua imenyesha milimani. Mto Kuywa ukijaa, ni hivyo hivyo. Mtoto wa Bungoma akitaka kujua kama atavuka salama, hutazama mlima: kuna wingu au hakuna? Sasa mpeleke mtu huyo Kijamvi, mbingu nyeupe, jua kali, umwambie, "Twende, maji yanakuja." Atakutazama kama mtu aliyepigwa na jua. Maji yatoke wapi na huko juu hakujanyesha?

Simcheki mtu, kwa maana mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikuwa nikitazama mawingu. Aliyenitoa huko ni Bi Zuhura, mwenyeji wetu wa kisiwani, mama aliyekuwa na jiko lake karibu na kisima na aliyewapikia watembezi. Alinishika kidevu, akakishusha.

"Mwanangu, unatafuta nini juu? Tazama chini. Kidimbwi kikitetemeka na upepo hakuna, hiyo ni bahari inabisha hodi."

Na kweli. Vidimbwi vinavyobaki kwenye mchanga hulala kama vioo. Ghafla kimoja kinatetemeka. Ukiona hivyo, inua watu wako.

Lakini Bi Zuhura alikuwa na tabia moja iliyonipa kazi kubwa kuliko bahari. Hakuweza kumwambia mgeni aondoke. Kwao haikuwezekana kabisa. Maji yangekuwa yanaingia, yeye anasema, "Kaeni, kaeni, mbona haraka?" Ilibidi nijifunze kumsoma yeye kama nilivyosoma vidimbwi. Akisema "kaeni" huku akiongeza kuni, ni kaeni. Akisema "kaeni" huku akikunja ukingo wa mkeka, muda umekwisha.

Sasa niwaambie kuhusu kikundi cha Myanga.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti, jina lake Rispa. Kikundi kizima kilimwita Senge, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Wengine walikuwa wanawake wa soko na mume wa mmoja wao, Mwalimu Wekesa, aliyekuwa amestaafu na kuja na gambuti mpya kabisa ingawa nilikuwa nimeshasema.

Basi la kutoka Malaba liliposimama Myanga, Senge alipanda na kapu. Ndani ya kapu kulikuwa na jogoo mwekundu, kichwa nje, akiwatazama abiria kama mkaguzi wa shule.

"Mama, hiyo ni mzigo. Inaenda kwa buti ya basi," kondakta akasema.

"Huyu si mzigo, ni mgeni. Anaenda kutembea kama mimi."

"Ati mgeni. Na akianza kuwika saa nane ya usiku?"

"Akiwika si atakuamsha wewe ufanye kazi? Sogea nipite, kijana."

Nilijaribu upande wangu. Nikamweleza kwamba chakula cha kisiwani tumeshakipanga na Bi Zuhura, hakuna haja ya kubeba kuku kutoka Myanga mpaka baharini.

"Hiyo yenu ni biashara," Senge akanijibu. "Hii ni heshima. Mimi siingiagi kwa boma ya mtu mikono ikining'inia."

Njiani akanieleza jambo jingine, na hilo lilininyima usingizi kuliko jogoo. Jumamosi, siku ambayo tungerudi, wakwe walikuwa wanakuja Myanga kuzungumza habari za Nasimiyu, binti ya kaka yake. Kaka alikuwa amefariki. Nasimiyu alikuwa chuo cha ualimu, amebakiza mwaka mmoja. Wakwe walitaka aolewe sasa hivi, masomo yatajijua. Senge ndiye aliyekuwa asimame mahali pa kaka yake aseme hapana, chuo kwanza.

"Na baba zake wadogo?" nikauliza.

"Wale? Wakishashiba wanakubali kila kitu. Hata ukiwaambia wakubali wao ndio waolewe, watakubali. Nisipofika saa sita mchana, huyo mtoto ameenda."

"Sasa Senge, si ungengoja safari ya mwezi ujao?"

Akanitazama kwa huruma. "Nafula, nikimaliza ya wakwe ni kulea wajukuu. Bahari nitaiona lini?"

Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Ijumaa tuvuke kwenda kisiwani, Ijumaa hiyo hiyo turudi kabla ya maji, tuwahi basi la jioni linalokwenda Malaba, litushushe Myanga Jumamosi asubuhi. Tukikosa njia ya mchangani, tutalala kisiwani na basi litatuacha.

Ijumaa tulivuka vizuri. Katikati ya mchanga tulikutana na wanaume wa kisiwani wakienda upande wa pili, kanzu zimekunjwa, viatu mkononi. Walikuwa wanakwenda msikitini bara kwa sala ya Ijumaa. Mume wa Bi Zuhura, Bwana Salimu, alikuwa mmoja wao. Alitusalimu, akamtazama jogoo, jogoo naye akamtazama. Mtumbwi wao, alisema, umelala bara; watarudi nao jioni, maji yakishajaa. Kwa hiyo kisiwani walibaki wanawake na watoto, na hakikubaki chombo cha kuelea hata kimoja. Nililiweka hilo moyoni.

Tukazunguka kisiwa. Mwalimu Wekesa alisimama kila baada ya hatua chache kumwaga gambuti. Senge aliionja bahari, akatema, akaionja tena kuhakikisha, kisha akajaza chupa yake maji ya chumvi apelekee jirani mwenye miguu inayouma. Mwishowe tukafika kwa Bi Zuhura, na Senge akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, goti limepinda kidogo.

"Mama, tumetoka mbali. Hatukuja bure."

Bi Zuhura alipokea kwa mikono miwili. Alimshukuru, akamwombea, akamfunga jogoo mguu kwa kamba kwenye nguzo ya jiko. Halafu akafunika sufuria ya wali na samaki aliyokuwa ametuandalia, akaiweka kando, akaanza kukuna nazi upya.

Hapo nikaelewa kwamba tumeingia shimoni.

Tazameni lilivyo shimo hilo. Bi Zuhura aliwaza hivi: hawa wamebeba kuku kutoka nchi ya mbali, bila shaka wanataka wamle kuku wao, nikiwapa samaki nitakuwa nimedharau zawadi. Senge naye aliwaza hivi: kwetu zawadi ya kuku huachwa ifugwe, lakini huyu mama ameamua kutuchinjia, na mtu akishakufungia kuku kwenye nguzo kwa ajili yako huinuki mpaka umle. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake kwa adabu. Na kuku hakuweza kuchinjwa, kwa sababu wachinjaji wote walikuwa msikitini.

"Salimu akirudi tu," Bi Zuhura alisema, "dakika moja. Kunyweni chai."

Tukanywa chai na mahamri. Mwalimu Wekesa alivua gambuti, akaziegemeza mlangoni zikauke, akajinyoosha katikati ya mkeka.

"Mama, nipatie kisu. Mimi nimechinja kuku tangu niko darasa la tatu."

"Mwalimu, wewe mgeni," Bi Zuhura akamjibu kwa upole. "Mgeni hafanyi kazi. Ongeza chai."

Nikaenda kutazama vidimbwi. Vilikuwa vimelala. Nikarudi. Nikaenda tena. Safari hii kimoja, kile cha karibu na mikoko, kikatetemeka. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

Nikainama sikioni mwa Senge. "Maji yanarudi. Inabidi tuage."

"Tuage?" Hakushusha sauti sana. "Kuku wa watu amefungwa pale, nazi imekunwa, unasema tuage?"

"Senge, basi. Nasimiyu."

Niliona jina hilo limemchoma. Aliitazama njia ya mchangani, akatazama nguzo. "Kesho nitakaa mbele ya wakwe nimfundishe binti adabu ya boma. Nimfundishe nini, kama mimi mwenyewe nimekimbia kuku wa watu?"

Nikaenda jikoni. "Bi Zuhura, hawa wageni wana basi."

"Nami nimewafunga kamba?" Aliendelea kukuna, lakini jicho lake lilikuwa kwenye mikoko. Alijua. Alikuwa amejua kabla yangu. "Mwanangu, siwezi kuwaambia watu waliobeba zawadi namna hii wainuke na njaa. Nitaitwa nani?"

"Basi wape wali na samaki."

"Na jogoo wao akiwatazama?"

Akatoka na kwenda kwenye mkeka. "Kaeni, kaeni," akasema, na akashika ukingo wa mkeka aukunje. Haukukunjika. Mwalimu Wekesa alikuwa ameulalia wote, na badala ya kuelewa alisogea kidogo, akadhani anatafutiwa kivuli.

"Mwalimu," nikamwambia, "maji yanakuja."

Akatazama juu. "Kutoka wapi? Angalia hiyo mbingu, Nafula. Hata wingu ya dawa hakuna. Tulia, bana."

Wakati huo njia ya mchangani ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Katikati, mahali palipo na mkondo mdogo ambao asubuhi tuliuruka kwa hatua moja, niliona maji yanang'aa. Nilimtazama Senge. Alikuwa ameinama, sikuona anafanya nini. Nilimtazama Bi Zuhura. Alikuwa amechukua kibakuli cha maji, akaenda nacho kwenye nguzo, akachutama kumnywesha jogoo.

Macho yangu ni ya kazi, na niliona vidole vyake. Mkono mmoja ulishika kibakuli. Wa pili ulikuwa kwenye fundo.

Jogoo aliruka juu ya kibakuli, akapita katikati ya vikombe.

"Jogoo huyo," Bi Zuhura akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Nyinyi mnawajua watu wetu. Mtu wa Bungoma unaweza kumweleza habari ya bahari, ya basi, ya wakwe, asiinuke. Lakini kuku akitoroka hakuna anayebaki ameketi. Hata mchungaji hukunja suruali. Kikundi kizima kiliinuka kama mtu mmoja, mizigo mgongoni kama nilivyowafunza, na Mwalimu Wekesa mbele ya wote, miguu mitupu.

"Zunguka huko! Huko kwa mikoko!"

"Si umwachie nafasi, unamkanyaga!"

"Mwalimu, shika mkia!"

Bi Zuhura alikuwa amefungua kanga moja na kuitandaza mikononi, na kila jogoo alipotaka kurudi kisiwani alikutana na hiyo kanga. Kila Mwalimu alipokaribia kumdaka, kanga ilipeperuka mahali pasipofaa na jogoo akaruka mbele. Hivyo ndivyo tulivyoshuka mchangani, tukavuka, jogoo anaongoza, Mwalimu anapiga mbizi na kula mchanga, akina mama wametandaza mikono kama wanaofukuza ndege kwenye shamba la wimbi, na mimi nyuma nikihesabu vichwa. Katika miaka yangu yote sijapata kuvusha kikundi kwa haraka kiasi hicho wala kwa moyo mmoja namna hiyo.

Penye mkondo jogoo alisimama. Maji hakuyataka. Senge akamfikia, akamwinamia, akamchukua bila taabu, kama mtu anayeokota kikapu chake.

Sote tukasimama tukihema. Nyuma yetu kisiwa, mbele yetu bara, maji yameshafika kwenye vifundo vya miguu na yanavuta. Senge akamshika jogoo kifuani. Sasa kulikuwa na swali moja tu: tumpeleke upande gani?

Bi Zuhura alijifunga kanga yake polepole.

"Mwenye kumchinja yuko ng'ambo ile," akasema, akielekeza kidevu bara. "Si tumpelekee?"

"Ni haki," Senge akasema. "Tumpelekee."

Tukaingia kwenye mkondo, maji yakafika magotini, tukatoka upande wa pili. Bwana Salimu alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake ufukweni akingojea maji. Alimwona mkewe anakuja na kikundi kizima kimelowa na jogoo mmoja, na kwa heshima zake zote hakuuliza. Alimpokea jogoo, akamwekea kiganja kifuani.

"Huyu hachinjiki leo. Kuku aliyekimbia hivi ukimla utadhani unakula ngoma. Apumzike."

"Basi kuku wenu yupo," Bi Zuhura akamwambia Senge. "Mkirudi, ndiye huyo."

"Mama, hatujaondoka kwako bila kula. Tumekatizwa."

"Mmekatizwa na kuku mwenyewe. Mimi nitamlaumu nani?"

Wakashikana mikono, na hawakuachiana haraka. Mwalimu Wekesa ndiye aliyetukumbusha dunia. Alikuwa anatazama miguu yake, kisha kisiwa, kisha mkondo ambao sasa ulikuwa umeungana na bahari yote.

"Gambuti zangu," akasema. Kisha, baada ya kutazama mbingu kwa muda mrefu: "Na mvua imenyesha wapi?"

Safari iliyofuata nilizikuta gambuti mlangoni pa Bi Zuhura, zimejazwa udongo, kila moja na mche wa pilipili. Jogoo naye alikuwa mzima, ameoa, na hakuna aliyezungumza habari za kumchinja.

Basi la Malaba tuliliwahi likiwa limeshawasha injini. Kondakta alikuwa yule yule, na kwa kuwa nilimfanya rafiki mapema, alikuwa amejifanya anatafuta tiketi iliyopotea. "Mgeni wako wa kapu yuko wapi?" akamuuliza Senge. "Amepata kwao," Senge akajibu, akaketi karibu nami.

Tulipopita Mariakani akanisukuma kwa kiwiko.

"Nafula. Ile kamba ya kuku. Uliona vile ilifunguka?"

"Kamba gani, Senge?"

Akatikisa kichwa polepole. "Umejua kazi."

"Na wewe uliona?"

Akanyoosha mguu wake, akanionyesha raba yake nzee, imelowa, imefungwa kamba vizuri kwa mafundo mawili. "Unadhani hapo kwa mkeka nilikuwa nimeinamia nini? Alipobeba tu hiyo bakuli nikajua. Nani hunywesha kuku maji na amepanga kumchinja?"

Myanga tulishuka asubuhi, na hakuniacha nirudi Kitale. Alitaka mtu wa kushuhudia kwamba alikuwa kwenye safari ya heshima. Saa sita wakwe walifika, wengi, na gari lao wakaliegesha nje kando ya barabara. Walikuwa wameleta jogoo wao, mweupe, akafungwa kwenye nguzo ya jikoni.

Senge alisimama mahali pa kaka yake, chumvi ingali kwenye vifundo vya miguu, na akasema neno lake bila kuzunguka: Nasimiyu amalize chuo, kisha harusi. Binti mwenyewe alikuwa mlangoni, sinia mkononi, haliweki chini.

Wakwe hawakukataa. Hawakukubali pia. Walikaa. Msemaji wao alikuwa mzee mpole mwenye ujuzi, na ujuzi wake ulikuwa huo wa kukaa. Alisifu chai. Alisifu ng'ombe. Kila baada ya muda alirudi palepale, "Lakini sisi tungeomba aende sasa," na mgeni aliyeketi hakuna wa kumwinua. Jua likageuka. Baba wadogo walishiba. Mmoja wao alianza kusema, "Kwa kweli, tukiangalia vizuri…" na nikaona sinia la Nasimiyu linatetemeka, na ndani ya nyumba hakukuwa na upepo.

Senge akainuka. Akasema anakwenda kuwatazamia chakula. Alipopita karibu nami alikuwa amebeba kibakuli cha maji.

Sikumfuata. Niliinama nikaanza kufunga kamba za viatu.

"Jogoo huyo," sauti yake ikatoka jikoni, bila haraka.

Chumba kilibaki na vikombe. Jogoo mweupe alichukua njia ya barabarani, vijana wa wakwe nyuma yake, baba wadogo nyuma yao, na mzee msemaji mwisho, fimbo hewani. Walimkamata kando ya gari lao, karibu na mlango wa dereva. Wote walikuwa nje, wima, wanahema. Senge alikuwa ameshafika pale kwa njia ya mkato, mkono umenyooshwa kwa kuagana.

"Tumeshukuru sana kwa kuja," akamwambia mzee. "Basi tunasikizana. Chuo kwanza."

Mzee alifungua kinywa, lakini pumzi haikutosha kwa zaidi ya neno moja, na neno lililokuwa karibu zaidi ni ndiyo.

Nasimiyu alimaliza chuo. Harusi ilikuja baadaye, na kati ya waalikwa nilimwona Bwana Harjit amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, vya kuchomeka mguu tu. Nikatazama jogoo waliofungwa kwenye nguzo ya jikoni, nikamwonea huruma. Mimi nilikuwa nimevaa raba.